Mtoto mwoga kwenye maporomoko ya Wagenia

Kisangani haina bustani ya michezo kama zile za Nairobi au Dar es Salaam, ambako watoto hupanda magurudumu ya umeme na kuteleza kwenye mabwawa ya maji. Lakini Noeli ikifika, au bonane (mwaka mpya), au 30 Juni, sikukuu ya uhuru, wazazi wa Makiso, Mangobo na Kabondo huwavalisha watoto nguo mpya, huwapandisha toleka (baiskeli ya abiria) au pikipiki, na kuwapeleka kwenye maporomoko ya Wagenia au kwenye bustani ya wanyama iliyo kando ya mto Tshopo. Wengi wao hushuka na kukimbilia mbele. Mmoja hubaki ameshika kikwembe cha mama kwa mikono miwili na kusema: "Mama, turudie ku nyumba."

Makala haya yanamhusu huyo mmoja, na zaidi yanawahusu watu wazima waliomzunguka. Mara nyingi wao ndio huamua kama siku hiyo itamkuza au itamvunja.

Kwanza tuelewane kwamba woga wa namna hii haumaanishi ulezi mbaya wala deko. Katika miaka ya 1980, Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza kuchunguza watoto wachanga wa miezi minne kwa kuwaonyesha vitu wasivyovizoea na kuwasikilizisha sauti ngeni. Takriban mtoto 1 kati ya 5 alirusha mikono na miguu, akakunja mgongo, akalia. Wenzake walitazama tu. Kagan aliwafuatilia kwa miaka mingi. Wengi wa wale waliolia walikua watoto waangalifu, wakimya mbele ya wageni, wazito kujaribu jambo jipya. Wengine walibadilika kadiri walivyokua, na wachache tu ndio waliobaki na woga mkali. Kwa hiyo mtoto huzaliwa na mwelekeo, lakini mahali mwelekeo huo utakapomfikisha hutegemea pia yale anayokutana nayo njiani.

Sasa twende naye Wagenia. Kati ya Ubundu na Kisangani, mto Kongo hushuka ngazi saba za maporomoko katika umbali wa takriban kilomita 100, na Wagenia ndiyo ngazi ya mwisho. Ngurumo husikika kabla maji hayajaonekana. Kwa mtu mzima huo ni utamu wa safari, lakini kwa mtoto mwoga wa miaka minne ni sauti kubwa isiyo na mwenyewe. Akifika ukingoni anaona magogo marefu yaliyosimikwa katika mashimo ya miamba na kufungwa kwa kamba za msituni, migono mikubwa ya samaki iliyosukwa ikining'inia ndani ya maji makali, na wanaume wakitembea juu ya miti hiyo bila kushika kitu. Wakati huohuo watu asiowajua wanawasogelea, wanasalimia kwa sauti, wanazungumza bei ya matembezi, na mmoja anataka kumshika mkono. Mambo matano mapya kwa dakika moja. Moyo unamwenda mbio, tumbo linamkaza, miguu inakataa. Hayo ni kazi ya mwili, hakuyachagua.

Ndipo anapofanya jambo ambalo wazazi wengi hawalioni: anainua macho na kutafuta uso wa mama au papa.

Mwaka 1985 James Sorce na wenzake walichapisha jaribio ambalo kila mzazi angefaidika kulijua. Watoto wa mwaka mmoja waliwekwa juu ya meza ya kioo ambayo chini yake palionekana kama pana shimo la kina cha sentimita 30. Mama alisimama upande wa pili. Akina mama 19 waliambiwa waonyeshe uso wa furaha, na watoto 14 kati yao walivuka. Akina mama 17 waliambiwa waonyeshe uso wa hofu, na hakuvuka hata mtoto mmoja. Hakuna aliyesema neno. Mtoto alisoma uso tu, akaamua.

Kwa mji wetu jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Mzazi aliyekuwa na miaka minane mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya Kisangani, leo yumo katika miaka ya thelathini na ana watoto wadogo. Mwili uliojifunza kujibanza chini ya kitanda kwa mshindo unaweza bado kushtuka kwa mshindo, hata mwenyewe akisema ameshasahau. Kama wewe ni mmoja wao, usijilaumu. Jitayarishe tu: fika mapema, simama dakika chache peke yako ukisikiliza maji, pumua taratibu, legeza mabega, kisha mshike mtoto. Au mwache tantine yake, ambaye kelele hazimsumbui, awe ndiye anayetangulia naye.

Uso mtulivu peke yake hautoshi. Mtoto anahitaji pia mahali pa kurudia. Wazo hili lina mizizi hapa karibu. Kati ya 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akiwaangalia watoto wachanga na mama zao nyumbani kwao. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake hutambaa akaenda mbali kidogo, akachunguza, akageuka kumtazama, akarudi, kisha akaenda tena mbali zaidi. Uhakika wa kurudi ndio uliompa ujasiri wa kwenda. Kitabu chake juu ya watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967 na bado kinasomwa duniani kote.

Ukiwa Wagenia, basi, chagua mahali penu kabla ya jambo lolote. Iwe mbali na maji, penye kivuli, ambapo mtu anaweza kuongea bila kupaza sauti. Tandika kitambaa, toa karanga na mikate, keti. Mzazi mmoja akapatane bei na wenyeji, mwingine abaki na mtoto, asiondoke hata kidogo. Mwambie mtoto: "Hapa ndipo petu. Ukitaka kurudi, unanivuta kidole, tunarudi." Kisha mkivutwa kidole, rudini kweli, mara moja, bila maneno. Ahadi hiyo ikivunjwa mara moja, siku imeharibika.

Chakula nilichokitaja kina sababu yake. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones, huko New York, alichapisha habari za Peter, mtoto asiyefikisha miaka mitatu aliyeogopa sungura kupita kiasi. Jones alimletea sungura ndani ya kizimba wakati Peter anakula chakula alichokipenda, akamweka mbali kiasi cha kutomsumbua, na kila mara akamsogeza kidogo. Aliwaleta pia watoto wengine wasioogopa ili Peter awaone wakicheza naye. Mwishowe Peter alimpapasa sungura kwa mkono wake. Tangu hapo njia hii imejaribiwa kwa hofu za kila aina, na kiini chake hakijabadilika: umbali unapungua kwa hatua ndogo, mtoto akiwa ameshiba, ametulia, na haburutwi.

Hofu ikimpanda sana, wazazi hukosea kwa namna mbili. Wengine humburuta hadi kwenye maji "azoee". Wengine humbeba mbio hadi kwenye pikipiki na kwenda nyumbani. Yule wa kwanza anamfundisha mtoto kwamba mzazi haaminiki. Yule wa pili anamfundisha kwamba kweli palikuwa na hatari na kukimbia ndiko kulikomwokoa, na safari ijayo itakuwa ngumu zaidi. Badala yake, rudini nyuma mpaka pale anapoacha kutetemeka, mketi hapo, mhesabu migono kutoka mbali, mngoje moyo wake utulie, ndipo mwende nyumbani. Hata kama hakuona zaidi ya hapo, amejifunza kwamba hofu hupanda na kushuka yenyewe.

Kumpandisha mtumbwi kuache kwa siku nyingine. Miamba ile ina utelezi na maji yana nguvu za kuua. Mtoto anayeogopa kupanda mtumbwi bila koti la kuokolea ana haki ya kuogopa. Usimlinganishe pia na watoto wa Wagenia wanaorukia majini. Wao wamezaliwa hapo, wamefundishwa na baba na kaka zao maji gani yaingiwe na yapi yaachwe.

Kama bado ni mdogo au mwoga sana, mimi ningeanza na bustani ya wanyama ya Tshopo. Haina tena wanyama wengi kama zamani, na kwa mtoto huyu hilo ni faida: njia ni pana, watu ni wachache siku za kazi, na kati yake na mnyama kuna vyuma. Mnyama mmoja anatosha kwa siku. Acha achague yeye asimame wapi.

Kuna tabia moja ambayo naomba tuiache kabisa, nayo ni kumtisha mtoto kwa vile vilevile tunavyotaka avizoee. "Nyamaza, mamba atakukula." "Nitakutupa kwa mto." "Mundele (mzungu) atakubeba." Kisha Jumapili tunampeleka mtoni kwenye mamba na wageni, tunamshangaa akilia, na kaka zake wanamwita mwoga mbele ya watu. Mtoto huyu ametuamini kwa yote tuliyomwambia.

Usimdanganye pia mnakokwenda. Usiku wa kuamkia safari mweleze kwa maneno machache: kutakuwa na kelele kubwa ya maji, kutakuwa na watu, tutakaa mbali kwanza, tutarudi kabla ya jua kali. Muulize angependa kubeba nini. Mtoto mwenye kazi, hata kazi ya kushika chupa ya maji, huogopa kidogo kuliko asiye nayo.

Woga wa kawaida hupungua kadiri mahali panavyozoeleka. Tafuta msaada ikiwa hofu imeanza ghafla baada ya tukio fulani, ikiwa inamnyima usingizi, chakula au shule kwa majuma kadhaa, au ikiwa mtoto anaongea vizuri nyumbani lakini nje hajatoa neno kwa zaidi ya mwezi. Anza kwa daktari wa watoto. Na Kisangani si maskini wa elimu hii: Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963, kina kitivo cha saikolojia na elimu. Nenda ukaulize huko, na umwambie mtoto ukweli wa mnakokwenda na nani mtaonana naye.