Neno Dogo, Deni Kubwa: Tusome Vizuri Kiingereza cha Katiba na Barua Zetu



Hapa Kipevu tumezungukwa na bandari, mitambo ya umeme na gati la mafuta. Barua nyingi tunazopokea na fomu tunazopewa tujaze ni za Kiingereza. Kusoma twasoma, lakini kuna maneno madogo tunayoyaruka mbio mbio, kumbe ndiyo yaliyobeba mzigo wote.

Tuseme kikundi kimekopa pesa. Mkataba waandika: "The lender may reduce the interest." Katibu awaambia wenzake, "Watatupunguzia riba." Sivyo! "May" yasema mkopeshaji anaweza kupunguza akipenda. Asipopenda, hamna la kumdai. Lau ingeandikwa "shall", hapo angefungwa na neno lake.

LAZIMA AU HIARI?

Hebu tuyapange:

1. "Shall" na "must" ni lazima. "Members shall pay every month": kila mwezi walipe, hakuna mjadala.

2. "May" ni ruhusa. Anayeruhusiwa aweza kufanya au kuacha.

3. "Should" ni ushauri: yafaa, ni vizuri. Mtu akikataa ushauri, kumtoza faini ni vigumu.

4. "Can" ni uwezo tu.

Kwa hivyo, kama mwataka mhazini asitoe pesa benki peke yake, msiandike "should not". Andikeni: "The treasurer shall not withdraw money alone."

Mtego mkubwa uko kwenye "si lazima". Wengi wetu huandika "must not". Lakini "must not" ni marufuku! Kikundi kikitaka kuwasamehe wajane mchango, kisha kiandike "Widows must not pay", kimewakataza kulipa hata wakiwa nazo. Sahihi ni "Widows need not pay", au "do not have to pay".

Kisha kumbukeni, baada ya maneno haya kitendo hukaa kitupu. Ni "must pay", si "must to pay" wala "must pays".

MANENO YA SABABU

Hapa Kiswahili chenyewe chatusaidia. Twasema "kwa sababu mvua ilinyesha", lakini twasema "kwa sababu ya mvua". Kiingereza ni vivyo hivyo: "because it rained", na "because of the rain". Penye "ya", tia "of". Pasipo na "ya", usitie.

Kosa jingine: kwa Kiswahili twasema, "Kwa kuwa maji ni machafu, ndiyo maana tumekuja." Kiingereza chataka kiungo kimoja. Usiandike "Because the water is dirty, so we ask for help." Chagua moja: ama "because" mwanzo, ama "so" katikati.

Nayo "so that" ni "ili", yaeleza lengo. Barua nzuri ya maombi huwa na sababu na lengo pia: "We need a tank because the tap is often dry. We need it so that our children do not miss school." Anayesoma atajua shida ni nini, na msaada wake utaleta nini.

KATIBA YA KIKUNDI

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 yataka kikundi kinachoomba kusajiliwa kiwe na katiba yake. Tusinakili tu katiba ya jirani. Kiswahili nacho ni lugha rasmi, kwa Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Basi si aibu kukubaliana kwanza kwa Kiswahili, kila mama na kila mzee akaelewa, ndipo tuandike kwa Kiingereza kikihitajika.

KAZI YA MKUTANO UJAO

Leteni katiba yenu. Pigieni mstari kila "shall", "must", "may" na "should". Kila penye mstari, ulizeni: Ni lazima au ni hiari? Ni kazi ya nani? Asipofanya, itakuwaje? Majibu yakigongana, rekebisheni hapo hapo mbele ya wote, kabla pesa hazijaleta ugomvi.

Akiba ya kikundi ni jasho la wengi. Tusiipoteze kwa neno moja. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.