Kufunga Keria na Mfuko kwenye Baiskeli Nyepesi

Siku hizi katika mitumba inayotoka Ulaya zimo pia baiskeli nyepesi za barabara ya lami. Usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume. Matairi yake ni membamba. Zinakimbia sana, lakini nyingi hazina keria. Zilitengenezwa kumbeba mtu peke yake, si mtu na mzigo wake.

Mkulima akinunua baiskeli ya namna hii, swali la kwanza ni: mzigo nitauweka wapi? Tusikilize mazungumzo ya kijana na fundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mzee. Nataka unichomelee keria hapa nyuma. Kila asubuhi napeleka maziwa ya mama kituoni."

Fundi akainua baiskeli kwa mkono mmoja. Akaigonga fremu kwa kidole.

"Kuchomelea? Hapana, mwanangu. Mabomba haya ni membamba, moto utayala. Leo utaondoka hapa unacheka. Siku nyingine bomba litakatika, na wewe uko mteremkoni."

"Sasa nifanyeje, mzee?"

"Tutaifunga kwa bolti. Lakini kwanza niambie, unabeba lita ngapi?"

Swali hilo la fundi ni kubwa. Tuanze nalo.

UZITO KWANZA

Baiskeli nzito tulizozizoea, kama Phoenix ya China, zina uzito wa kilo 20 hivi. Gurudumu la nyuma kwa kawaida lina spoki 40. Baiskeli nyepesi ina kilo 8 hadi 11 tu. Spoki zake za nyuma mara nyingi ni 32 au pungufu. Nyingine zina 24 tu. Tairi lake lina upana wa milimita 23 hadi 28.

Ukiipakia mno, spoki zinakatika na rimu inapinda. Tairi likigonga jiwe, mpira wa ndani unabanwa na rimu, unatoboka matundu mawili kwa mara moja.

Keria nyingi za aluminiamu zimeandikwa kilo 25. Usidanganyike. Hiyo ni nguvu ya keria, si nguvu ya baiskeli. Kwa njia zetu za vumbi na mawe, usizidishe kilo 10. Lita 10 za maziwa zina kilo 10 na zaidi kidogo, bila kuhesabu dumu. Basi beba lita 8 au 9. Dumu la maji la lita 20, hapana. Mtu juu ya keria, hapana, hata mtoto. Mgonjwa mtafutie chombo kingine.

ICHUNGUZE FREMU

Fremu inaweza kuwa ya chuma, ya aluminiamu au ya kaboni. Sumaku hunata kwenye chuma. Aluminiamu na kaboni hazishiki sumaku. Kaboni ukiigonga hailii kama chuma, inatoa sauti kama ya plastiki. Fremu ya kaboni usiibane keria kabisa. Inaweza kupasuka kwa ndani na wewe usione. Hiyo ipande bila mzigo.

Fremu ya chuma au ya aluminiamu inaweza kufungwa keria. Lakini usiitoboe na usiichomelee.

Sasa tazama karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma, kulia na kushoto. Je, kuna tundu dogo lenye hesi ndani? Tazama pia juu, chini kidogo ya kiti, kwenye yale mabomba mawili membamba yanayoshuka hadi ekseli. Yakiwepo matundu manne, kazi ni rahisi. Yasipokuwepo, utatumia vibano. Kibano ni ukanda wa bati nene uliokunjwa kuzunguka bomba, na kufungwa kwa bolti na nati.

VIFAA

Tafuta keria nyepesi yenye miguu miwili, na bolti 4 za unene wa milimita 5. Kila bolti iwe na washa, kile kisahani kidogo cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha bolti. Utahitaji spana, au kifunguo cha pembe sita chenye umbo la herufi L. Weka tayari grisi kidogo na kipande cha mpira wa ndani uliochakaa.

NAMNA YA KUFUNGA

1. Pindua baiskeli, isimame kwa kiti na usukani. Safisha mahali pa kufungia.

2. Paka grisi kidogo kwenye hesi za bolti. Grisi inazuia kutu, na siku ya kufungua hutapata taabu.

3. Funga miguu ya keria chini, kulia na kushoto. Usikaze bado.

4. Kama unatumia vibano, kwanza zungushia bomba kipande cha mpira. Mpira unazuia kibano kuteleza na kukwaruza bomba. Weka kibano chini kabisa, karibu na ekseli. Hata hivyo, kibano hakishiki kama tundu la hesi. Ukitumia vibano, mzigo usizidi kilo 5.

5. Simamisha baiskeli. Funga mikono ya juu ya keria. Keria ilale sawa, isiinamie nyuma. Isiguse breki wala waya wa breki.

6. Sasa kaza bolti zote nne, kidogo kidogo kwa zamu. Usitumie nguvu za ng'ombe. Aluminiamu ni laini, hesi zake zinakatika upesi.

7. Tazama upande wa cheni. Peleka cheni kwenye gia ndogo kabisa, uzungushe pedeli. Ncha ya bolti isiguse cheni. Ikigusa, tafuta bolti fupi zaidi.

MFUKO

Unaweza kununua mifuko ya baiskeli, au kumpa fundi cherehani kipande cha turubai akushonee. Mifuko miwili ya pembeni ni bora kuliko mzigo mmoja mrefu juu. Mzigo ukikaa chini, baiskeli haiyumbi. Gawa uzito sawasawa, kulia na kushoto.

Baiskeli nyepesi ni fupi kwa nyuma. Kutoka katikati ya pedeli hadi ekseli ya nyuma ni sentimeta 41 hivi tu. Kwa hiyo kisigino chako kinaweza kugonga mfuko. Kaa juu ya baiskeli, mwenzako aishike, uzungushe pedeli kinyumenyume. Kati ya kisigino na mfuko ziwepo nafasi za vidole viwili. Zisipokuwepo, sogeza mfuko nyuma kidogo.

Upande wa mfuko unaoelekea gurudumu, tia ubao mwembamba. Ubao unazuia mfuko kuingia kwenye spoki. Kamba nazo uzifunge vizuri, na ncha zake uzikate au uzifiche. Kamba ikishikwa na spoki, gurudumu linakwama ghafla. Hapo maziwa yatamwagika, na mkono wako unaweza kuvunjika.

SAFARI YA KWANZA

Jaribu kwanza na mzigo mdogo, karibu na nyumbani. Ukirudi, kaza bolti tena, maana mtikisiko huzilegeza. Baada ya hapo zikague kila wiki. Jaza upepo vizuri. Ukiwa na mzigo baiskeli haisimami upesi, basi anza kushika breki mapema. Kwenye makorongo, shuka uikokote. Si aibu.

Yule kijana alisikitika kidogo aliposikia hesabu ya mzee. Alitaka kupeleka maziwa yote kwa safari moja.

"Mzee, si nitakwenda mara mbili?"

"Utakwenda mara mbili, ndiyo. Lakini mara zote mbili utarudi nyumbani kwa mama yako."

JIULIZE

1. Fremu yangu ni ya kitu gani?
2. Kwa nini tusichomelee keria kwenye baiskeli nyepesi?
3. Mzigo wangu una kilo ngapi?
4. Mara ya mwisho nimekaza bolti lini?

Ukishindwa kujibu swali moja, ahirisha safari. Ipeleke baiskeli kwa fundi kwanza.