Ndege Ndogo za Vita Zilizosubiwa kwa Zinki

Wakazi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Pumwani na Kaloleni hata Makadara na Buruburu, wamezoea ngurumo za ndege juu ya mapaa yao, kwa sababu kiwanja cha Eastleigh ki karibu nao. Zamani kilikuwa cha jeshi la anga la Waingereza, na abiria nao walishukia hapo mpaka Embakasi ilipofunguliwa mwaka 1958. Sasa ni kambi ya Jeshi la Anga la Kenya. Kule Uingereza, karibu na Southampton, kulikuwa na kiwanja kingine chenye jina hilo hilo, na ndiko ndege ya vita iitwayo Spitfire iliporuka mara ya kwanza, tarehe 5 Machi, 1936.

Spitfire ni miongoni mwa ndege ambazo mifano yake midogo hukusanywa na watu duniani kote. Kampuni ya Meccano ya Liverpool iliitoa chini ya jina la Dinky Toys. Mwaka 1940 ndege hiyo ndogo ilitiwa mkufu ikauzwa, na faida ikaingia katika mfuko wa kununulia Spitfire za kweli, ambazo bei yake ilitajwa kuwa pauni 5,000 kila moja. Kiwanda kilifungwa mwaka 1979.

Namna ya kuzitengeneza si ngeni kabisa kwa mtu aliyewaona mafundi wa jua kali wakisubu sufuria. Fundi huyo huyeyusha alumini na kuimimina katika kalibu ya mchanga, ambayo huvunjwa kila mara. Kiwandani kalibu ni ya chuma cha pua, yenye vipande viwili; zinki iliyochanganywa na alumini kidogo husukumwa ndani kwa nguvu nyingi, ikapoa upesi, kalibu ikafunguliwa, na kazi ikaanza upya. Kalibu moja hutoa maelfu ya ndege zilizo sawasawa. Kuichonga ni gharama kubwa, lakini gharama hiyo hugawanywa kwa wingi wa ndege.

Mara nyingi msomaji ataona sandukuni maandishi haya: 1:72. Maana yake ni kwamba sentimita moja ya mfano ni sentimita 72 za ndege yenyewe. Mabawa ya Spitfire ya kweli, toka ncha hata ncha, yalikuwa kama mita 11.2, basi ya mfano ni karibu sentimita 15 na nusu. Mfano usiolingana na hesabu hiyo ni kitu cha kuchezea tu, wala si kosa, ila usinunuliwe kwa bei ya mfano wa kweli.

Katika mitaa hii ndege hizo zina habari nyingine pia. Harvard, ambayo ilibuniwa kwa kuwafundishia marubani, ilifungwa mabomu madogo ikatumwa juu ya misitu ya Aberdare kati ya 1953 na 1955. Na ndege kubwa za mabomu ziitwazo Lincoln ziliruka kutoka Eastleigh hii hii. Wakati huo huo, tarehe 24 Aprili, 1954, askari waliizingira Nairobi, na maelfu ya wanaume wakachukuliwa kizuizini, wengi wao kutoka mitaa hii. Kwa hiyo kijana akiiweka Harvard kabatini, asishangae babu yake akiitazama kwa jicho jingine. Heri amwulize.

Tena, vitu vya watoto vya mitumba huuzwa Gikomba, na pengine kijana ataona ndege nzito kuliko plastiki. Aitazame kwa makini kabla ya kutoa fedha za kodi ya nyumba. Zile za kabla ya vita huwa na ugonjwa: risasi kidogo iliyoingia katika zinki huila toka ndani, mabawa yakapinda, nyufa zikatokea, na hakuna dawa. Asiipake rangi mpya hata ikiwa imebanduka, maana rangi ya kiwandani, japo chakavu, ndiyo itafutwayo na wakusanyaji. Wala asimpe mtoto mdogo atiaye kila kitu kinywani, kwa kuwa rangi za zamani huenda zikawa na risasi. Na amwulize mwuzaji kama sanduku lake lipo. Sanduku la karatasi huweza kuongeza thamani sana, nalo ndilo hutupwa kwanza.