Bei ya Unga na Kiti cha Utawala

Serikali ipungukiwapo na fedha, shauri la kwanza inalopewa na wakopeshaji wake ni kupunguza matumizi. Shauri hilo likisemwa ofisini husikika kuwa jepesi na la busara, kwani nani asiyejua kwamba mtu hapaswi kutumia kuliko pato lake? Lakini kila shilingi iliyomo katika makadirio ya serikali ina mwenyewe. Ni mshahara wa mwalimu, ni dawa ya mgonjwa, ni nafuu ya bei ya unga. Yatupasa basi, sisi tulio katika chama na tulio kazini, kuuliza kila mara: shilingi inayokatwa ni ya nani? Jirani zetu wa Zambia waliliuliza swali hilo barabarani, mara mbili, na matokeo yake yalikiondoa madarakani chama kilichokuwa kimeishika nchi kwa miaka 27.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ikiwa nchi ya shaba. Karibu fedha zake zote za kigeni zilitoka katika madini hayo, na kwa fedha hizo serikali ya marehemu Mzee Kenneth Kaunda ilijenga shule, hospitali na barabara ambazo mkoloni hakuzijenga. Watu walihamia mijini kwa wingi. Ilipofika mwaka 1980, watu wapatao 4 katika kila 10 walikuwa wakiishi mijini, hasa Lusaka na katika miji ya Ukanda wa Shaba. Watu hao hawakulima chakula chao, walikinunua. Kwa ajili hiyo serikali ilitia ruzuku katika unga wa mahindi, na ruzuku ile haikuwa sadaka. Ilikuwa mapatano, ijapokuwa hayakuandikwa popote: mfanyakazi atachimba shaba, na chama kitahakikisha kwamba nshima haikosekani nyumbani kwake.

Mwaka 1975 bei ya shaba ilianguka. Serikali ikakopa, ikidhani kwamba ni shida ya msimu mmoja. Haikuwa hivyo. Miaka kumi baadaye deni lilikuwa mlima, na Shirika la Fedha la Kimataifa likaja na masharti yake: kwacha iuzwe kwa mnada, na ruzuku zipunguzwe.

Hapa yafaa tutulie kidogo, maana yaliyotokea Desemba 1986 husimuliwa mara nyingi kwa haraka mno. Serikali ya Zambia haikuwaondolea maskini nafuu yao yote kwa makusudi. Kulikuwa na unga wa namna mbili: sembe laini nyeupe, na unga mnene zaidi wa watu wa kipato kidogo. Serikali iliamua kwamba ruzuku ya sembe iondoke, na bei yake ikapanda kwa asilimia 120. Unga mnene ungebaki kwa bei ya zamani, na wenye vinu wangelipwa na serikali tofauti ya gharama. Katika karatasi mpango huo ulikuwa wa haki. Lakini wenye vinu walitia shaka kama serikali isiyo na fedha italipa kweli, wakaacha kusaga unga wa nafuu na kusaga ule wa ghali. Kwa siku chache unga wa maskini ukatoweka madukani. Mama aliyekwenda dukani hakuikuta sera ya serikali. Alikuta mfuko wa sembe ambao bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile aliyoizoea.

Miji ya Ukanda wa Shaba ikawaka moto. Maduka yalivunjwa, askari wakapiga risasi, na watu 15 wakapoteza maisha. Mzee Kaunda akarudisha bei ya zamani na kuvitia vinu mikononi mwa serikali. Tarehe 1 Mei 1987, sikukuu ya wafanyakazi, alitangaza kwamba Zambia inaachana na mpango wa Shirika la Fedha, na kwamba malipo ya deni hayatazidi asilimia 10 ya pato halisi la mauzo ya nje.

Msomaji atauliza kwa nini kwetu hayakutokea hayo. Tanzania nayo iliondoa ruzuku ya sembe mwaka 1984, na hakuna duka lililovunjwa. Jibu moja ni kwamba wafanyakazi wetu wengi walikwisha jifunza kuishi pasipo kutegemea mshahara: huyu ana shamba, huyu anafuga kuku, yule mkewe anakaanga maandazi. Uvumilivu huo husifiwa sana. Mimi nauona pia kuwa ushahidi kwamba mshahara ulikuwa umekufa siku nyingi.

Zambia ilishindwa kusimama peke yake, ikarudi kwa wakopeshaji mwaka 1989, na Juni 1990 bei ya unga ikapandishwa tena zaidi ya mara mbili. Safari hii ghasia zilianza Lusaka kwenyewe, na waliokufa walizidi 20. Tarehe 30 Juni luteni mmoja wa jeshi alitangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa. Haikuwa kweli, lakini watu walimiminika barabarani kushangilia hata kabla ya kujua nani amechukua nchi. Chama kilichowaletea uhuru kilikuwa kimekwisha kushindwa siku ile; uchaguzi wa tarehe 31 Oktoba 1991 ulihesabu tu. Upinzani ulipata viti 125 kati ya 150, na Mzee Kaunda, kwa heshima yake, akaondoka kwa amani.

Aliyeshinda alikuwa Frederick Chiluba, mwenyekiti wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Serikali yake iliiondoa ruzuku ya unga upesi kuliko Kaunda alivyothubutu, na nchi ikatulia. Wako wasemao kwamba utulivu huo wathibitisha kuwa kukata kulikuwa sahihi. La hasha. Wathibitisha kwamba watu huvumilia kwa muda machungu ya serikali waliyoichagua wenyewe. Baadaye migodi iliuzwa, wachimbaji wengi wakapoteza kazi, na wagonjwa wakatakiwa kulipa ada zahanati.

Ada za shule za msingi zilifutwa mwaka 2002, na za matibabu vijijini mwaka 2006, baada ya wakopeshaji kusamehe sehemu kubwa ya deni lile lile lililofanya ruzuku ya unga ikatwe. Wale 15 wa Ukanda wa Shaba walikuwa wamekwisha kaa kaburini karibu miaka 20.