Gari na Upepo (4): Tone la Rumpler

Kila bei ya mafuta inapopanda, swali ninaloulizwa ni moja: umbo la gari lina uhusiano gani na mfuko wa mwenye gari? Wiki iliyopita tuliona kuwa mwendo ukizidi mara mbili, ukinzani wa hewa huzidi mara nne. Leo ni zamu ya umbo, nami siwezi kuligusa kabla ya kumtaja Edmund Rumpler.

Mhandisi huyu alizaliwa Vienna mwaka 1872, akapata sifa kwa kuunda ndege zilizoitwa Taube, yaani njiwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Mkataba wa Versailles uliibana Ujerumani isiunde ndege, naye akahamia kwenye magari. Mwaka 1921 alionyesha Berlin gari ambalo ukilitazama kutoka juu ni tone la maji: mbele mviringo, injini nyuma, mkia mwembamba. Watu walilishangaa, wanunuzi wakapita zao. Yaliundwa kama 100 tu. Baadhi yakawa teksi, mengine yakachomwa moto katika filamu ya Metropolis. Mwaka 1979 Volkswagen walilipima moja kwenye handaki lao la upepo, namba ya ukinzani wa hewa, ambayo ikiwa ndogo ndiyo bora, ikatoka 0.28. Audi 100 ya mwaka 1982 ilisifiwa kila mahali kwa 0.30! Rumpler hakuyaona hayo. Utawala wa Hitler ulimfunga kwa kuwa Myahudi, akafariki mwaka 1940. Taifa linalomtupa mjuzi wake hujinyima lenyewe.

Siri ya gari lake ilikuwa mkiani. Wengi hudhani kazi yote ni ya pua, lakini hewa ikishapita ubavuni hutaka kuufuata mwili wa gari taratibu. Nyuma pakikatika ghafla kama sanduku, hewa huachana na bati na kuacha vurumai yenye kanieneo ndogo, na hiyo ndiyo inayolivuta gari kurudi nyuma. Wunibald Kamm wa Stuttgart alionyesha baadaye kuwa mkia si lazima uwe mrefu: upunguze upana kidogo kidogo, kisha ukate wima.

Kwetu sisi, umbo la gari tulishalinunua. Tunachoweza ni kutoliharibu. Keria tupu juu ya paa hula mafuta kila kilomita ya barabara kuu. Ifungue kabla ya safari, msomaji wangu. Mabasi na malori tutayafikia wiki ijayo.