CD4 Ni Nini?

Mtu akikutwa na virusi vya UKIMWI huweza kuambiwa damu yake itapimwa "CD4". Wengi hudhani ni hesabu ya virusi. La, ni hesabu ya askari wa mwili.

Katika damu zimo chembe nyeupe zinazotulinda. Kwa macho ya hadubini nyingi zinafanana. Lakini kila aina ina alama zake juu ya ngozi yake, kama beji ya mgambo. Alama moja inaitwa CD4. Fundi wa maabara hutia dawa ya rangi inayonata kwenye alama hiyo tu, halafu mashine yenye mwanga huhesabu chembe zinazong'aa. Na virusi navyo hushika alama hiyo hiyo ili viingie ndani ya chembe na kuiua!

Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe hizo 500 hadi 1,500 katika kitone cha damu kama kichwa cha pini. Zikipungua chini ya 200, kifua kikuu au homa ya uti wa mgongo humwingia kwa urahisi, hata kama bado analima shamba lake. Lazima apimwe magonjwa hayo upesi.

Zamani wagonjwa walingojeshwa dawa mpaka hesabu ishuke. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwenye virusi aanze dawa, askari wake wawe wengi au wachache.