Kuuamsha Uboho ili Kuutibu Moyo

Ngozi ikikatwa hufunga, na mfupa ukivunjika huunga. Moyo hauna bahati hiyo. Ateri inayoulisha ikizibwa na bonge la damu kwa saa chache, sehemu ya msuli wake hufa, na mahali pake hubaki kovu lisiloweza kujikaza wala kusukuma damu. Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walipima kaboni-14 iliyoenea hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Walikadiria kwamba mtu mwenye umri wa miaka 25 hufanya upya asilimia 1 tu ya seli za msuli wa moyo kila mwaka, na mzee wa miaka 75 chini ya nusu ya kiasi hicho.

Ndiyo maana habari zilizotoka Marekani mwaka 2001 zilipokewa kwa shangwe. Ndani ya uboho wa mifupa mna seli shina, ambazo ni mama wa seli zote za damu. Mwili wenyewe hutengeneza protini iitwayo G-CSF, ambayo huzichochea seli hizo kuuacha uboho na kuingia katika damu. Matabibu walikuwa wameizoea kama dawa ya kuongeza chembe nyeupe kwa wagonjwa wa saratani. Donald Orlic, Piero Anversa na wenzao waliwadunga panya protini hiyo pamoja na nyingine ya jamii yake, kisha wakaifunga ateri ya moyo. Kati ya panya 15 waliodungwa, 11 walikuwa hai baada ya siku 27. Kati ya 52 wasiodungwa, walikuwa hai 9 tu. Ikasemwa kwamba seli za uboho zimegeuka kuwa msuli mpya wa moyo.

Lakini panya hao walianza kudungwa siku tano kabla ya ateri kufungwa. Ni binadamu yupi ajuaye siku ya maradhi yake? Tena, mwaka 2004 makundi mawili ya watafiti, la Stanford na la Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, yalitia alama seli za uboho na kuzifuatilia ndani ya moyo. Hazikugeuka kuwa msuli. Mwaka 2018 Chuo cha Tiba cha Harvard na hospitali alikofanyia kazi Anversa baadaye vilitaka makala 31 za maabara yake zifutwe, kwa kuwa zilikuwa na takwimu za uongo.

Wakati huo wagonjwa walikwisha kudungwa. Huko Rostock, Ujerumani, wagonjwa 50 waligawanywa, nusu wakapata dawa, na moyo wa waliotibiwa ukaonekana kupata nguvu. Lakini hakuna aliyefichwa nani kapewa nini. Huko Seoul jaribio dogo lilisimamishwa, kwa sababu ateri zilizokuwa zimezibuliwa zilianza kuwa nyembamba tena. Majaribio yaliyofuata hayakuiona hatari hiyo.

Jaribio la Copenhagen, lililotangazwa mwaka 2006, lafaa kuchunguzwa kwa makini darasani. Wagonjwa 78, ambao ateri zao zilikwisha kuzibuliwa, walidungwa kwa siku sita ama G-CSF, mikrogramu 10 kwa kila kilo ya uzito, ama kimiminika kisicho na dawa. Mgonjwa hakujua, wala tabibu. Baada ya miezi sita, sehemu ya damu ambayo moyo husukuma nje kwa kila pigo ilikuwa imeongezeka kwa pointi 8.5 za asilimia kwa waliopata dawa. Lau wangepimwa hao peke yao, dawa ingesifiwa. Waliopata kimiminika kitupu waliongezeka kwa pointi 8.0. Moyo uliozibuliwa ateri mapema hupona kiasi wenyewe, kwani msuli uliozimia bila kufa huamka baada ya siku kadhaa.

Mwaka huohuo wagonjwa 114 wa jaribio la Munich walipimwa ukubwa wa kovu. Seli shina zilikuwa zimejaa katika damu ya waliopata dawa, kama ilivyotarajiwa. Makovu ya makundi yote mawili yalipungua karibu sawasawa.